Zamu ya Mbele, Barabara ya Mfereji

Dawa za Lionel zilikuwa zimebaki za usiku mmoja tu, na duka la dawa lilikuwa Thorley, ng'ambo ya mashamba. Rowena Setchell hakuwahi kujifunza gari. Miaka yote ya ndoa yake alikwenda kwa baiskeli, dukani, kanisani, hata mazikoni, na hakuona sababu ya kubadilika uzeeni. Akajifunga kofia ngumu, akajaribu taa, akamwinamia mumewe kitandani na kumwambia asilete utundu mpaka atakaporudi. Lionel hakucheka. Tangu alipoopolewa mferejini mwezi uliopita, yeye na baiskeli yake, alikuwa hacheki.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Daktari alikuwa akimtoa maji mapafuni, na siku mbili hazipiti yamejaa tena. Tena maji gani! Meusi kama chai iliyolala, yananuka tope na mikunga, wale samaki kama nyoka. Daktari alishaanza kumkwepa Rowena macho. Mara ya mwisho alimvuta kando, akamwambia kwamba wakiendelea hivi, Krismasi mzee haioni.

Rowena alimpenda mume wake. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akamwona mjinga kwa alilolifanya.

Usiku, homa ikimpanda, Lionel alikuwa na neno moja tu. "Nilimkatalia, Rowena. Alinichezea kiwiko, nikamkatalia."

Maneno hayo mwingine angeyaona ya homa. Rowena aliyaelewa, kwa sababu wawili hao walikutana kwenye baiskeli na walizeekea huko. Nchi yao ni tambarare kama meza. Mlima hawaujui, upepo ndio mlima wao. Basi waendesha baiskeli hupangana mmoja nyuma ya mwenzake. Wa mbele anaukata upepo, wa nyuma anapumzika mgongoni mwake. Wa mbele akichoka, anachezesha kiwiko. Hasemi neno. Hapo wewe wa nyuma unapita mbele, zamu yako imefika. Mtu anayejificha nyuma ya mwenzake halafu akakataa zamu, watu humsema hata akiwa kaburini. Lionel hakuwa mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo Rowena hakuelewa jambo moja tu: alimkatalia nani?

Njiani alisimama langoni kwa Thelma Gathercole, mkulima wa vitunguu, mwanamke wa kifua kipana na mdomo usiofungwa. Thelma ndiye aliyemwopoa Lionel kwa kamba ya trekta.

"Mzee wako hajafa tu?" Thelma akauliza, akikwangua tope kwenye buti.

"Bado ananisumbua."

"Afadhali. Mume asiyesumbua ni picha ukutani."

Wakacheka, halafu Thelma akaacha kucheka. Akalowesha kidole mate, akakiinua juu. Upepo ulikuwa umegeukia magharibi. Akamwambia shoga yake kwamba akirudi apite barabara kuu, asipite ya mfereji, jioni hii hapana. Rowena akamjibu kwamba barabara kuu ina malori ya viazi-sukari, na juzi moja lilimpangusa bega kwa kioo chake. Ya mfereji haina gari hata moja tangu daraja lilipofungwa. Unaweza kwenda huku umelala.

"Ndivyo walivyokwenda wenzako," Thelma akasema.

Akamsimulia, kwa kukatakata, kama mtu anayesimulia aibu ya ukoo. Enzi za bibi yake walikuwapo waendesha baiskeli wa vijijini hapo, na kiongozi wao alikuwa mtu wa mfupa wa chura. Rowena aliwasikia watu hao tangu utotoni. Walikuwa wachunga farasi waliomchuna chura, wakauosha mfupa wake mtoni usiku wa manane, wakautia mfukoni. Farasi wowote wakawa wanawafuata bila hatamu, hata motoni. Siku moja bwana huyo aliwavuta wenzake kutwa nzima dhidi ya upepo wa magharibi. Akachezesha kiwiko, hakuna aliyetoka. Akachezesha tena. Kila mmoja akajifanya hakuona. Kwenye kona ya pampu ya kutoa maji mashambani akanyoosha moja kwa moja mpaka mferejini, na wao, macho kwenye gurudumu la mbele, wakamfuata mmoja mmoja. Wengine husema alisinzia kwa uchovu. Bibi yake Thelma hakusema hivyo.

Rowena akasema asante kwa hadithi, akanunua vitunguu, akaenda zake. Moyoni alikuwa amekasirika kidogo. Mtu ana mgonjwa, unamletea mambo ya vyura.

Alipotoka dukani na dawa kifuani, jua lilikuwa limezama na ukungu umelala juu ya mashamba, unafika magotini. Kwenye njia panda alisimama. Upande wa kuume malori yalikuwa yanapita na taa zao. Upande wa kushoto kulikuwa kimya.

Akashika kushoto.

Barabara ilikuwa nyeusi, imenyooka, imelowa. Mfereji ulikuwa mkono wa kushoto, umejaa hadi mdomoni. Upepo ulimpiga kifuani kama mlango uliofungwa. Alishusha gia, akashusha tena, akawa anakwenda kama mtu anayetembea. Mapaja yalimwaka. Akafikiria mapafu ya Lionel yanavyojaa, akakaza meno.

Ndipo akamwona mbele yake.

Mwendesha baiskeli mmoja, hana taa, amevaa sweta nzito ya sufu ya kizamani. Mgongo mpana. Anakanyaga taratibu, kama hajui kwamba kuna upepo.

Rowena hakufikiri. Na angefikiri nini? Mtu wa baiskeli akiona mgongo kwenye upepo, miguu yake huamua yenyewe. Alijikamua, akamfikia, akajibanza nyuma yake.

Upepo ukakatika.

Mungu wangu, raha ilioje! Miguu ikawa myepesi, pumzi ikarudi. Akayakaza macho kwenye gurudumu la nyuma la yule bwana, kama walivyofundishwa wote, umbali wa kiganja. "Ahsante," akasema.

Wakaenda hivyo. Kidogo tu, alijiambia. Avute pumzi, halafu ampokee.

Harufu ndiyo iliyomwamsha. Tope... na mikunga. Ile harufu ya chumbani kwake.

Akalitazama vizuri gurudumu lile. Barabara ilikuwa imelowa chapachapa. Gurudumu halikuwa na bamba la kuzuia matope. Lilitakiwa limrushie maji usoni, limloweshe mpaka kifua.

Uso wake ulikuwa mkavu.

Cheni haikulia. Tairi halikulia. Sauti pekee kwenye barabara ile ilikuwa ya baiskeli yake mwenyewe.

Kiwiko cha kulia kikacheza.

Alitaka kufunga breki, ageuze, akimbilie malori. Malori yale yale aliyoyakimbia, sasa aliyatamani! Lakini akamkumbuka Lionel, midomo ilivyomgeuka bluu, akisema nilimkatalia. Akaelewa yote kwa mpigo. Mume wake alijificha kwenye mgongo huu huu, akaitwa, akaogopa. Na maji yalikuwa yanaingia kifuani mwake siku baada ya siku kwa sababu hiyo. Hakuna daktari ambaye angeyamaliza.

Kiwiko kikacheza tena.

Rowena akatoka pembeni, akapita. Hakumtazama usoni. Aliapa baadaye kwamba hakumtazama, ingawa kuna jambo la uso huo ambalo hakutaka kuulizwa.

Upepo ukamrudia wote. Akainama juu ya usukani, akakanyaga. Nyuma yake, karibu na sikio, pumzi baridi ikanong'ona.

"Zamu ya nani hii?"

"Ya Lionel Setchell," akasema. "Mume wangu. Naishika mimi."

Halafu akasikia magurudumu. Sasa yalilia. Si moja. Yalikuwa mengi, mstari mrefu umejipanga nyuma yake, cheni zinasaga kutu, pumzi za watu waliochoka muda mrefu mno. Alivuta. Alilia na kuvuta. Hakuwahi kuvuta hivyo hata katika ujana wake. Alijua akilegea watamgusa, na hakutaka kuguswa.

Ukungu ukapanda hadi usoni. Taa yake ikawa inaangaza pamba tupu.

"Njia nyeupe," wakanong'ona nyuma.

Hilo ndilo neno la barabarani. Wenzako wakikwambia njia nyeupe, unakwenda, huulizi. Mikono yake ikataka kunyoosha.

"Njia nyeupe, dada... njia nyeupe..."

Akasikia mngurumo wa pampu. Pampu iko konani, na kona iko hapa! Akavuta usukani kulia kwa nguvu zote. Tairi likateleza, likashika.

Nyuma yake wakanyoosha.

Chubwi.

Chubwi. Chubwi. Mmoja baada ya mwingine, hawana haraka, hawapigi kelele. Alikuwa ameshafika mbali kwenye mashamba na bado walikuwa wanaingia majini.

Nyumbani alimkuta Lionel amekaa kitandani. Shuka zilikuwa kavu. Alikuwa ameukohoa mfereji mzima kwenye beseni, alisema, halafu njaa ikamshika, na je, kuna mtu katika nyumba hii anayejua kukaanga yai? Rowena alimkumbatia akalia mpaka akachoka. Akamkaangia mayai na vitunguu, akakaa ukingoni mwa kitanda akimtazama anavyokula, na furaha aliyokuwa nayo haina maneno. Kisha akamweleza. Kwamba alimwona, kwamba aliichukua zamu, kwamba alitaja jina lake na mambo yamekwisha.

Lionel akaacha kutafuna.

"Ulitaja jina langu."

"Ulitaka nitaje la nani?"

"Kabla ya kupita mbele, Rowena. Ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake," akasema. "Kidogo tu. Upepo ulikuwa mkali."

Lionel akaiweka sahani chini. Uso ulimshuka, akaonekana mzee kuliko alivyokuwa katika ugonjwa.

"Hata mimi ilikuwa kidogo tu," akasema. "Zamu yangu umeishika. Yako je?"

Kesho yake daktari alikuja, akasikiliza kifua cha Lionel mara tatu, akaondoka anatikisa kichwa kwa furaha. Mchana ulipita vizuri. Thelma alileta supu na matani. Lakini jua lilipoinama, upepo uligeuka ukaja kutoka magharibi, na Rowena, aliyekuwa akimenya viazi, akaweka kisu chini.

Hakusikia sauti yoyote. Hakuona mtu dirishani. Na woga hakuwa nao hata chembe, jambo ambalo baadaye Lionel alisema ndilo lililomtisha kuliko yote. Alikuwa na hamu tu. Miguu iliitaka barabara, kama mtu wa kiu anavyoyataka maji.

Lionel alitoka kitandani kwa kutambaa. Akakaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango. Akamsihi. Alimwita mke wangu, mama watoto, akamwambia ningekufa mimi ingekuwa afadhali. Machozi yalimtoka mzee yule kama mtoto.

Rowena alikuwa anavaa glavu. Akapiga magoti mbele yake, akamfuta machozi kwa upole, shavu moja na la pili, jinsi alivyomfuta jasho mwezi mzima.

"Nipishe, mume wangu," akamwambia. "Si vizuri kumweka mtu upeponi."