Vidole Kumi

Foleni ya tiketi za sinema ilijikunja hadi mbele ya duka la viatu. Fundi cherehani, gauni la kijani limemkaa kama kazaliwa nalo, akamgeukia mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

"Kaka, leo anayetafsiri sinema kwenye kipaza ni nani? Kama ni yule wa sauti nzito, narudi nyumbani. Akisemea mwanamke, anamfanya alie tu."

Mwanamume akakohoa. "Ndiye mimi, dada."

Foleni ikaangua kicheko. Fundi hakuona haya. "Basi afadhali umesikia mwenyewe."

Ndivyo walivyoanza. Kila mchana, fundi akipumzika kiwandani alikoshona nguo, simu yake ililia.

"Mama Sindano, umekula?"

"Nimekula, Bwana Kipaza. Leo umewaliza wangapi?"

Siku moja fundi hakutania. Alimweleza kwamba mashine ilimkata mwenzake vidole viwili, na msimamizi akamletea asaini karatasi ya kusema ni uzembe wa aliyeumia. "Nilikuwa na vidole vyangu kumi vyote, nikasaini. Hujui ninavyolala. Usimwambie mtu, mpenzi."

"Simwambii mtu."

Kisha ikaja sinema moja kutoka nchi ya mbali ambako majumba ya sinema yaligeuzwa maghala kwa miaka mingi, na sasa watu wake wameanza upya kupiga picha. Na wameanza vizuri, jamani! Hamna ngumi wala bastola. Kiwanda cha nguo kimeungua na watu ndani, na mshonaji mmoja alisaini kwamba mlango ulikuwa wazi, ilhali ulifungwa. Sasa yuko mbele ya hakimu. Kamera inamtazama usoni, haimsuti wala haimbembelezi. Ukumbi mzima unasahau kumeza mate.

Mtafsiri akaona maneno yake yote ni mepesi mbele ya uso ule. Yakamtoka yasiyo yake: "Nilikuwa na vidole vyangu kumi vyote, nikasaini."

Kwenye safu ya tatu, fundi akainuka, akatoka.

"Umeniuza," alisema kwenye simu.

"Nilikosa maneno, mpenzi."

"Hukukosa maneno. Ulikosa ruhusa." Akakata.

Wiki nzima hakupokea. Jumamosi sinema ikaonyeshwa tena, naye fundi akaja, akasimama ukutani. Mshonaji alipofika mbele ya hakimu, mtafsiri akazima kipaza.

"Sema, bwana! Tumelipa!" watazamaji wakapiga kelele.

Akakiweka chini. Yule mwanamke wa mbali akaongea kwa lugha yake, na kelele zikapungua zenyewe. Hata aliyekuwa akitafuna karanga aliacha. Fundi alimtazama mpaka mwisho, machozi yakimfika kidevuni.

Taa zilipowashwa, alimfuata mtafsiri.

"Nisamehe," mtafsiri alisema.

"Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine nitaiona nikishaungama kwa mwenzangu aliyekatwa vidole. Yule mama kasema mbele ya hakimu, mimi nashindwa mbele ya rafiki? Naenda sasa hivi."

"Nikusindikize?"

"Mpaka mlangoni. Ndani nitasema mwenyewe."

"Na ukitoka, nina jambo la kukuuliza."

"La ndoa?"

"La ndoa."

"Ngoja kwanza nijue nitatoka vipi."

Mtafsiri akasimama nje ya nyumba ya yule mwenzake fundi karibu saa nzima. Alisikia sauti ikipanda, kiti kikiburutwa, kisha wanawake wawili wakilia pamoja. Mlango ukafunguka. Fundi alikuwa na macho mekundu na mabega yaliyoshuka kama aliyetua mzigo.

"Haya," alisema. "Uliza."