Kitenge Juu ya Kioo

"Kitendawili," ilisema simu.

"Tega," akajibu Laurette.

"Mtoto hutangulia na taa, baba hufuata akifoka."

"Umeme na radi."

Jibu lilikuwa sahihi. Jokha, mkuu wake wa ujasusi katika ofisi ya Edgware Road, London, akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Mchana huu roketi inaruka ng'ambo ya Atlantiki, ina watu wanne ndani. Mitambo ya kunusa radi inasema anga ni salama. Uongo. Kuna wanaotaka ilipuke. Ishara ya uongo inatoka Hounslow, ghorofa ya nne, juu ya duka la Chaman."

Laurette akaitia simu mfukoni bila kuikata.

Kaka yake alikaa ghorofa hiyo.

Alipofika Hounslow akapanda ngazi mbilimbili, bastola aina ya Glock chini ya sweta. Ni jirani yake, akajiambia. Lazima ni jirani.

Gires akafungua mlango, akacheka. "Umekonda, mdogo wangu. Hizo ofisi unazosafisha hawakupi hata chai?"

"Nimekuja kunywa yako, Yaya," akajibu; hivyo ndivyo kwao walivyomwita kaka mkubwa, na kaka huyo alimjua kama msafisha ofisi tu.

Jua lilijaa sebuleni. Ndipo akakiona kioo cha ukutani.

Kimefunikwa kitenge cha mama yao.

Kule Bukavu, Kongo, radi ikianza, Gires alifunika vioo kwanza. Kisha alimkumbatia Laurette chini ya meza, akimtegea vitendawili mpaka mvua ipite. Hata ukubwani hakuacha.

Lakini leo London ni kukavu.

"Yaya, hiyo radi unaiona wapi?"

Macho ya Gires yakakimbilia chumbani. Laurette akausukuma mlango.

Kompyuta mbili. Moja ilionyesha anga tulivu, ile waliyotumiwa kwenye kituo cha kurushia roketi. Nyingine ilionyesha anga ya kweli, nyeupe kwa umeme.

"Wameniahidi watamtoa Anne-Marie kwenye kambi ya wakimbizi," Gires akasema. "Ni mke wangu, Laurette. Nimemngoja mpaka nimechoka."

"Na wale wanne? Hawangojwi?"

Gires akasogea kuzikinga kompyuta.

Bastola ikapanda. Laurette akamlenga. "Kaa chini, Yaya. Tafadhali."

Akang'oa waya wa kompyuta, akaitoa simu. "Jokha, nimeikata ishara. Wasirushe. Roketi ikipenya wingu lile, itajiitia radi yenyewe."

Baada ya dakika chache Jokha akarudi simuni.

"Wamesimamisha. Ni nani?"

"Kaka yangu."

Polisi walipomtoa na pingu, Laurette alikivua kitenge kiooni, akamfunika nacho mabegani.

"Kitendawili, Laurette," Gires akanong'ona.

Badala ya kusema 'Tega', Laurette akakiweka kitenge vizuri mabegani mwake.

Akashuka ngazi, akapita dukani kwa Chaman, akaelekea stesheni. Hakugeuka nyuma.