Nyota Tano za Kayole

Kila jioni, baada ya kumaliza kazi ya ziada, Kanyiva alipanda ngazi hadi juu ya paa kuanua nguo. Yeye na mama yake waliishi mtaa wa Kayole, katika jengo la orofa sita lililobanana na mengine kiasi kwamba jirani wa ng'ambo akikata vitunguu, wewe ndiye unayetokwa na machozi. Huko juu kulikuwa na matangi ya maji, kamba za nguo na mwangaza mkali. Mwangaza huo ulitoka kwenye mulika mwizi, zile taa kubwa zilizofungwa juu ya mlingoti kando ya barabara. Ulimwagika juu ya paa lote, hata ungeweza kuokota sindano iliyoanguka.

Jioni moja ya Januari Kanyiva hakuharakisha kuanua. Mwalimu Asenath, aliyewafundisha Sayansi katika Gredi ya Saba, alikuwa amewapa kazi. Kila mwanafunzi atazame upande wa mashariki giza likishaingia, atafute kundi la nyota liitwalo Orioni, yaani mwindaji, kisha achore anachokiona. Watakaochora vizuri wangepelekwa Jumamosi hadi Kamulu, mbele ya Ruai, ambako wapenzi fulani wa nyota walikuwa na darubini na uwanja usio na taa. Basi lililoazimwa lilikuwa dogo, kwa hivyo nafasi zilikuwa za kugombaniwa.

Kanyiva aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote. Alisimama nyuma ya tangi, akainua shuka la mama yake kuzuia ile taa, akakodoa macho mpaka shingo ikamuuma. Aliona nyota tano. Tatu zilijipanga kwa mshazari, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Moja yenye wekundu ilikuwa kushoto kwazo na nyingine nyeupe ilikuwa kulia. Basi, hakukuwa na zaidi. Huyo mwindaji, kama kweli alikuwepo, alikuwa amelala ubavu. Kanyiva alizichora hizo tano, akaandika jina lake, akashuka akiilaani mulika mwizi kwa sauti.

"Koma hapo hapo," alisema mama yake, Wavinya, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka soko la Muthurwa, alikouza nguo za watoto za mitumba. "Kabla ya hiyo taa nilinyang'anywa mkoba hapo chini, na hakuna aliyeona. Usiniambie izimwe."

Siku ya Alhamisi Mwalimu Asenath alirudisha michoro. Ule wa Akech, rafiki wa Kanyiva aliyeishi orofa ya tatu ya jengo lao, ulibandikwa ukutani. Ulikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Mwindaji alisimama wima, mkanda kiunoni, rungu mkononi, nyota zimemzunguka kila upande. Michoro mingine mingi ilifanana nao kama sare za shule, na mwalimu hakujiuliza kwa nini. Kwenye karatasi ya Kanyiva aliandika kwa wino mwekundu: Hujajitahidi. Tena aliiinua darasa zima liione, akauliza kama huyo ni mwindaji ama ni maharagwe yaliyomwagika. Watu walicheka mpaka wakagonga madawati. Majina ya watakaokwenda Kamulu yaliposomwa, la Akech lilikuwemo. La Kanyiva halikuwemo.

Wakati wa mapumziko Kanyiva alimfuata rafiki yake hadi kwenye mfereji wa maji.

"Akech, wewe ulipanda juu siku gani?"

"Juu wapi? Si nilitoa tu kwa simu ya mathe." Akech alishangaa kwamba kutumia simu ya mama yake lilikuwa jambo la kuulizwa. "Kila mtu alifanya hivyo. Kwani we ulidhani madam anataka nini? Anataka picha poa."

"Alisema tuchore tulichoona."

"Haya, endelea kuona tano zako."

Kanyiva alihisi uso ukimwaka moto. Aliingia darasani, akaubandua mchoro wa Akech ukutani, akaurarua vipande vipande, na bado mikono yake ikawa inatafuta kitu kingine cha kurarua. Alipogeuka, Mwalimu Asenath alikuwa amesimama mlangoni.

Jioni ile mwalimu hakwenda moja kwa moja nyumbani kwake mtaa wa Fedha. Alifuatana na Kanyiva mpaka kwao. Wavinya alimkaribisha kiti, akamtilia chai, na kabla chai haijapoa alikuwa ameambiwa yote. Aliona aibu hata akashindwa kumtazama mgeni. Akamwamuru binti yake aombe msamaha mara moja.

"Siombi," Kanyiva alisema.

"Unaongea na nani hivyo?"

"Mama, nisamehe, lakini siombi. Wao walidanganya na wanakwenda. Mimi sikudanganya, nikafanywa kichekesho." Sauti ilimtetemeka, naye akachukia kwamba inatetemeka. "Mwalimu, nakuomba upande juu ukaone mwenyewe. Ukiona mwindaji amesimama, nitaomba msamaha mbele ya shule nzima."

Mwalimu Asenath aliweka kikombe chini. Pengine alitaka tu kummaliza mtoto yule ubishi, lakini aliinuka. Walipofika orofa ya tatu, Wavinya alimwita Akech naye akapanda pamoja nao.

Giza lilikuwa limeshaingia, ingawa pale juu usingelijua. Mwalimu alitazama mashariki. Akakunja uso, akaweka kiganja juu ya macho, akahamia nyuma ya tangi mahali alipoonyeshwa na Kanyiva. Alikaa huko kwa muda mrefu akihesabu. Zilikuwa nyota tano, tatu kwa mshazari, moja huku na moja huku.

"Akech," alisema hatimaye, "hebu nionyeshe mwindaji wako aliyesimama."

Akech alitazama juu, akageuka upande huu na upande ule, kisha akatazama miguu yake. "Sikupanda, mwalimu. Nilitoa kwa simu."

"Simu hiyo ilikuonyesha picha ya watu wa mbali sana kaskazini. Kwao husimama. Huku kwetu, karibu na ikweta, huchomoza amelala ubavu." Mwalimu Asenath alikuwa amekasirika, tena sana, na haikumchukua Kanyiva muda kutambua kwamba hakuwakasirikia wao peke yao. "Na mimi pia nilisahihisha kwa kutazama kitabu. Sikutoka nje hata siku moja kuona kile nilichowatuma mkione. Kanyiva, nilikukosea, na nilikukosea mbele ya wenzako. Kesho nitasema hivyo mbele yao hao hao."

Kanyiva alidhani angefurahi. Badala yake machozi yalimtoka kwa ghadhabu iliyokosa mahali pa kwenda. Wavinya alimshika bega.

"Hasira yako nimeielewa," alisema. "Lakini ulichorarua ni kitu cha mtu. Sasa je?"

Ilimchukua Kanyiva muda, na alilisema neno lenyewe kama mtu anayemeza dawa chungu, ila alilisema. Akech naye aliomba msamaha wake, kwa sauti ndogo zaidi.

Kesho yake mwalimu alitimiza ahadi. Kisha akawauliza darasani ni nani aliyetoka nje kutazama, na mikono michache sana ikainuka. Michoro yote ya ukutani ilibanduliwa. Watu wa Kamulu walipopigiwa simu walikubali kuwapokea wanafunzi kwa Jumamosi mbili, ili kila mtu apate kwenda mradi achore upya kwa macho yake mwenyewe. Kanyiva na Akech waliwekwa Jumamosi ya pili, mmoja kwa kudanganya na mwingine kwa kurarua. Kanyiva alikasirika tena, lakini hata yeye hakuweza kusema ameonewa.

Jumamosi yao ilipofika, walishuka uwanjani Kamulu, dereva akazima taa za basi. Mwanzoni hawakuona chochote, hata mikono yao. Halafu macho yakazoea, na wote wakainua nyuso juu. Nyota zilikuwa nyingi hata Kanyiva alishindwa kumpata mwindaji kati yao, mpaka Akech akamwonyesha. Juu zaidi kulikuwa na Kilimia, nyota zilizosongamana pamoja, ambazo Kanyiva alizijua kwa jina tu.

"Hizi zote ziko juu ya nyumba yetu kila siku?" aliuliza.

"Kila siku," alisema Mwalimu Asenath.

"Sasa nani alitufichia?" Aliuliza kwa ukali, kama anayedai kitu chake kirudishwe.

"Taa zetu. Mama yako anaihitaji ile taa ya barabarani, na ana haki. Ila taa ya kumulika barabara haina kazi mbinguni. Ingefunikwa juu ikamulika chini, mama angepita salama na wewe ungeona zaidi ya tano." Mwalimu aliwageukia wote. "Lakini nisikilizeni. Mimi sikujua kama Kayole imenyimwa mbingu. Nimejua kwa sababu mmoja wenu alikubali kuandika tano. Mngeniletea wote picha ya simu, ningeamini kwamba kwenu kunaonekana hivi, na hakuna ambaye angewahi kuuliza swali hilo la Kanyiva. Ukiona kidogo, andika kidogo. Ukweli mdogo una kazi yake, na uongo mzuri unatuziba macho sote."

Akawagawia karatasi na kurunzi zilizofunikwa kwa kitambaa chekundu, ili mwanga usiwapofushe gizani, wachore. Kanyiva alilala chali kwenye nyasi, akatazama, akachora, akatazama tena. Karatasi ilijaa mpaka pembeni na mbingu haikuwa imepungua. Akaandika chini kabisa, pale palipobaki nafasi: Nyingine hazikuenea.