Nywele za Shunji

Mvua za Juni zilikuwa zimepumzika kidogo asubuhi ile, na akina mama wa mtaa wa kilimani walitoka mbio kuanika nguo kabla mawingu hayajabadili nia. Chini, kreni za bandari ya Kure zilisimama bila kazi, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Hirotsu alikuwa ameketi mezani karibu na dirisha, kibano mkononi, ameinamia manowari yenye urefu wa kalamu.

Ilikuwa Yukinami. Manowari yenyewe ilizama vitani pamoja na watu wake wote, miaka thelathini nyuma. Hii ya plastiki alikuwa akiishughulikia tangu majira ya baridi. Alichonga upya kila mzinga, akapaka rangi ya kijivu tabaka juu ya tabaka, akachora kutu mahali panapostahili kutu. Zilibaki nyaya za redio tu, zile zinazotoka mlingoti wa mbele kwenda wa nyuma.

Binti yake Michiru, wa darasa la pili, aliegemeza kidevu ukingoni mwa meza.

"Baba, nusu yake ya chini iko wapi?"

"Haipo. Hizi tunazitengeneza kuanzia usawa wa maji kwenda juu. Tunaikalisha juu ya bahari ya plasta, basi."

"Sasa watu wa chini wanakaa wapi?"

"Hakuna watu wa chini. Kamalize supu yako."

Mtoto hakwenda. Aliinama akachungulia chini ya ile meli, kama mtu anayetafuta mlango.

Jioni, chama cha mafundi wa meli na ndege za mfano kilikutana katika chumba cha juu cha duka la vitabu. Maonyesho yalikuwa yamekaribia, na kila mmoja alileta kazi yake wenzake waikosoe. Mezani palikuwa na ndege za kivita zenye mabawa membamba kama ganda la kitunguu, na meli za kila aina. Nakaoka, daktari wa meno na mshindi wa mwaka uliopita, aliizunguka Yukinami mikono nyuma.

"Bwana Hirotsu, meli tamu kabisa hii. Ila niambie, hizo ni nyaya za redio au kamba za kuanikia nguo? Shemeji ataanika soksi hapo!"

Chumba kizima kikacheka. Hirotsu naye akacheka, lakini masikio yake yaliwaka moto. Nyaya zake alizitengeneza mchana ule kama wanavyofanya wengi: unayeyusha kipande cha plastiki juu ya mshumaa, unakivuta kiwe uzi. Uzi haukutaka kuwa mwembamba zaidi ya pale. Alirudi nyumbani akitembea katika matope, na njia nzima alikuwa akiwaza kitu kimoja. Nywele. Nywele zilizokauka miaka mingi. Na alijua zilipo.

Nyumba ya jirani aliishi Bibi Hatsue, ambaye macho yake yalikuwa yamebakiwa na ukungu tu. Mwanawe wa pekee, Shunji, alikuwa baharia wa Yukinami. Vijana wa enzi ile, kabla ya kupanda meli, waliacha nyumbani kishungi cha nywele, ili bahari ikiwameza wazazi wapate chochote cha kuzika. Wengi walizika. Bibi Hatsue hakuzika. Alizifunga nywele za mwanawe katika karatasi, akaziweka ndani ya kijisanduku cha mbao kwenye kabati la marehemu. Kila asubuhi alimwekea wali na maji, akachoma udi, akagonga kengele ndogo, akazipapasa nywele kwa kidole, akaita: "Shunji, njoo ule."

Alikuwa akiita hivyo tangu vita viishe. Mtaa mzima ulizoea.

Siku iliyofuata Hirotsu aliingia kwake kumzibulia mfereji wa paa.

"Mwanangu, meli ya Shunji imefika wapi?" Bibi aliuliza.

"Inakaribia kwisha, bibi."

"Ikiisha uniletee niishike. Wewe una moyo, Hirotsu. Watu wameshawasahau watoto wale. Kaa, nikuchemshie chai."

Alipokwenda jikoni akipapasa ukuta, Hirotsu alifungua kabati. Alichukua nywele za Shunji, na mahali pake akaweka kishungi kingine, cha urefu uleule, katika karatasi ileile iliyogeuka rangi. Zilikuwa za Michiru. Alimkata kisogoni asubuhi ile, mama yake akiwa dukani. Nywele ni nywele, alijiambia. Kikongwe hataona.

Kweli, hakuona. Alileta chai na vipande vya figili ya chumvi, na Hirotsu akanywa mpaka tone la mwisho.

Nywele za Shunji zilikubali gundi kwa namna ya ajabu. Hazikujikunja, hazikuteleza. Alipoinua uso kutoka kwenye lenzi, Yukinami haikuonekana tena kama plastiki. Ilionekana kama meli iliyo mbali sana.

Kesho yake asubuhi walikuwa wakila. Kengele ya Bibi Hatsue ikalia upande wa pili wa ukuta.

"Shunji, njoo ule."

"Naam," Michiru akaitikia.

Mama yake, Sadae, akacheka. "Wewe ni Shunji tangu lini?"

Michiru alimtazama kama hajaelewa. Kisha akasukuma bakuli lake mbele.

"Nimeshiba, mama."

"Hujatia hata tonge!"

"Nimeshakula."

Sadae aliinama kumfuta mdomo. Akasita. Pumzi ya mtoto ilinukia udi.

Ikawa hivyo kila siku. Kengele inalia, mtoto anaitikia, chakula hakigusi. Akawa anapungua. Mikono yake ikawa ya baridi, na vidole vikajikunja ngozi kama vya mtu aliyekaa sana kwenye maji. Daktari alisema ni mafua ya msimu wa mvua. Sadae alimvika sweta mbili, na akimvua zote mbili zilikuwa na unyevu. Alikionja kidole alichozishikia. Chumvi.

Alhamisi Bibi Hatsue alimsimamisha Hirotsu njiani. Uso wake uling'aa.

"Mwanangu, nikwambie jambo, usinicheke. Shunji anaitikia."

Bibi akasogea karibu zaidi.

"Miaka yote naita, kimya. Sasa anaitikia. Na maji yanapungua kikombeni! Ila sauti yake imekuwa nyembamba. Kama ya mtoto mdogo." Bibi alitabasamu, akamshika mkono. "Labda kule wanarudi utotoni, ee?"

Hapo Hirotsu akaelewa. Alielewa yote kwa mara moja, akiwa amesimama katikati ya njia na mkono wa kikongwe juu ya wake. Nywele za mtu aliye hai zilikuwa katika kabati la wafu. Kila asubuhi mama mwenye uchungu wa miaka thelathini alikuwa akizipapasa, akizilisha, akiziita zije. Na mwenye nywele alikuwa akienda.

Ilikuwa kazi ndogo kuitengua. Angezing'oa zile nyaya, azirudishe sandukuni, atoe za Michiru. Dakika chache tu. Meli ingeharibika milingoti, kwa sababu gundi ile haiachii bila kuvunja, na maonyesho yalikuwa Jumapili.

"Kuna kitu unakijua," Sadae alinong'ona jioni hiyo, mtoto akiwa amelala magotini pake. "Nakuona. Hulitazami hili toto usoni."

"Hakuna."

"Apa."

"Sadae, ni mafua tu."

Michiru alifumbua macho. "Baba. Watu wa chini wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Zamu itabadilishwa lini."

Jumamosi alikaa mbele ya meli na kibano. Alishika unywele wa kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na kila fundi anajua kuwa nywele hulegea hewa ikiwa na maji. Hizi hazikulegea. Zilikaza. Zilikaza kama kuna mtu anazivuta kutoka upande wa pili. Aliutazama mlingoti ule mwembamba ambao alikuwa ameuchonga kwa wiki mbili. Alisikia kicheko cha chumba kizima. Soksi. Kamba za kuanikia nguo.

Akakiweka kibano chini.

"Kesho jioni," alisema, kwa sauti, peke yake. "Majaji wakishamaliza. Kesho jioni, naapa."

Chumbani, mtoto alikohoa. Kilikuwa kikohozi chenye maji.

Jumapili asubuhi alitoka na sanduku la kioo kifuani. Kengele ya jirani ililia akiwa anavaa viatu. Alingoja kusikia "naam" ya Michiru. Hakuisikia. Akafurahi. Akajiambia mtoto amepata nafuu, akateremka kilima.

Alishinda. Majaji walisimama mbele ya Yukinami kwa muda mrefu, wakizungumza chini chini kama watu waliofika msibani. Nakaoka alikuja mwisho kabisa, akainamisha kichwa.

"Nimeshindwa, bwana. Sina la kusema. Hizo nyaya ni za nini?"

"Ni za kweli," Hirotsu akasema.

Nakaoka alikisogelea kioo. Akarudi nyuma.

"Mbona inanuka mafuta?"

Sadae alikuwa amekaa mlangoni aliporudi. Hakulia. Hakusimama. Alikuwa ameshika kitana cha mtoto.

Michiru alikuwa amelala kwenye godoro lake, sakafuni. Mto mkavu. Shuka kavu. Daktari alikuwa amemwekea mikono kifuani, kumwamsha, lakini hakuamka; kila alipobonyeza yalitoka maji. Maji ya bahari. Mengi kuliko kifua cha mtoto kinavyoweza kubeba. Juu yake yalielea mafuta meusi, mazito, yale ya mashine za meli za zamani.

"Alikuwa akiita," Sadae alisema. "Asubuhi yote. Alikuwa anakuita wewe. Anasema, 'Mwambie baba aandike mtu mwingine badala yangu.' Nikamwuliza, aandike wapi? Mume wangu, ulimwandika wapi?"

Hirotsu alitoka bila viatu. Alivunja kioo cha sanduku kwa kiwiko, palepale barazani, akazing'oa nyaya. Mlingoti ukakatika. Mwingine ukakatika. Hakujali tena. Alikimbia kwa jirani, nywele zimebanwa katikati ya vidole, damu inamtoka mkononi. Akili yake ilikuwa na wazo moja: atazirudisha za Shunji, atatoa za Michiru, na palipobaki ataweka zake mwenyewe. Ataitwa yeye. Atakwenda yeye.

Mlango wa Bibi Hatsue ulikuwa wazi. Kabati la marehemu lilikuwa wazi pia. Lilikuwa tupu.

Bibi aliketi mezani mbele ya bakuli mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa imeliwa, ikasafishwa hadi punje ya mwisho, na vijiti vimelazwa juu yake kwa adabu.

"Bibi. Kisanduku kiko wapi?"

"Nimekipeleka hekaluni. Wamekichoma." Alikuwa akitabasamu. "Cha nini tena, mwanangu? Mtu hawekewi nywele akiwa nyumbani."

"Nani yuko nyumbani?"

"Leo nilipoita, aliitikia mwenyewe. Sauti yake ileile, nene. Akaniambia, 'Mama, nimepata mtu wa kunishikia zamu.'" Bibi alishusha sauti, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Hakunitajia jina. Mungu ambariki, popote alipo."

Hirotsu aliangalia chini. Kutoka kizingitini hadi kwenye mlango wa chumba cha nyuma, mkeka ulikuwa na nyayo za maji. Nyayo pana, za mwanamume. Zilikwenda ndani. Hazikutoka.

Mlango wa chumba kile ulisogea, upana wa kidole. Kisha ukafungwa taratibu.

Alifungua kiganja. Nywele alizozing'oa kwenye meli hazikuwa zile alizozigandisha. Zilikuwa laini, nyororo, za mtoto, na zilinukia sabuni ya nyumbani kwake.

Wanaokaa mtaa ule wanasema Hirotsu aliziweka nywele zile kwenye maji matamu, akaziombea, akajaribu kuwashawishi makuhani wazichome. Kila hekalu lilikataa, na hakuna aliyesema kwa nini. Nywele zake mwenyewe alinyoa zote, akamsihi Sadae aziweke kabatini, azigongee kengele, amwite. Sadae alizitupa kwenye takataka za jikoni. Kengele alimgongea Michiru peke yake.

Yukinami ingali ipo, haina milingoti, juu ya bahari yake ya plasta. Nakaoka ndiye aliyeinunulia sanduku jipya la kioo, kwa huruma. Kila asubuhi, Sadae anapogonga kengele na kuita jina la mwanawe, kioo kile hupata ukungu kwa ndani, karibu na usawa wa maji. Doa dogo la mviringo. Linatokea, linafifia, linatokea tena.

Ni la ukubwa wa mdomo wa mtoto aliyebandika uso kwenye kioo, anaitikia.