Abiria wa Kiti cha Nyuma

Bi Spana alifungua mlango wa gereji asubuhi akabaki amesimama, funguo mkononi. Gari la mkunga lilikuwa limekaa kitako.

Jana yake, yeye na mdogo wake wa kiume, ambaye kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma watu walimwita Cheche, walikuwa wamemaliza kuliinua. Lilikuwa gari kuukuu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, bodi imeliwa na kutu lakini injini ina roho ya paka. Mkunga alilinunua kwenye nyumba iliyohamwa, huko nyuma ya vilima, kando ya machimbo ya mawe yaliyofungwa. Lilikuwa limekaa pale miaka na miaka, mpaka nyasi zimeota kwenye bampa. Akataka liinuliwe, maana njia za kwenda kwa wajawazito wake zilikuwa makorongo matupu, na gari la chini hukwangua tumbo hadi likakwama.

"Nimeshazalisha mama mmoja vichakani kwa sababu ya jiwe," aliwaambia. "Sitaki tena."

Basi walifunga springi mpya ndefu, shokapu ndefu, na matairi makubwa yenye meno. Walipolishusha kwenye jeki lilisimama kama jogoo. Kati ya tairi na madigadi ngumi mbili zilipita, moja juu ya nyingine.

Sasa, upande wa nyuma kulia, hata kiganja hakikupita.

"Cheche! Umepakia nini humu?"

"Nipakie nini, dada? Si nimefika sasa hivi, nyuma yako?"

Wakachungulia. Ndani mlikuwa mtupu. Ila kiti cha nyuma, upande ule ule wa kulia, kilikuwa kimebonyea kama godoro ambalo mtu hajaliacha.

"Tumeuziwa springi za bati la sufuria," Cheche alisema.

Walilipiga jeki. Jeki ile iliyozoea malori ikaguna. Wakaifungua springi, na mara tu ilipotoka ikajinyoosha sawasawa kama ilivyotoka dukani, haina ufa, haina kasoro hata chembe. Wakairudisha. Gari likasimama tena kama jogoo, nao wakacheka, kicheko cha watu wasiotaka kuulizana.

Hawajamaliza kunawa mikono, wakasikia: kwiiii.

Gari lilikuwa linakaa. Lilikaa taratibu, kama mtu mzito mwenye magoti mabovu, anayetanguliza upande mmoja kwanza, halafu anajiachia mzima. Harufu ikatoka dirishani, harufu ya mawe ya moto yaliyomwagiwa mvua. Nje jua lilikuwa kali, wingu hakuna.

"Dada," Cheche alinong'ona. "Umesikia?"

"Chuma kinajipanga tu," Bi Spana alijibu, naye hakuyaamini maneno yake hata kidogo.

Hakutulia tena. Alipanga spana zilizokwisha pangwa, akafagia palipofagiliwa, na kila alipoligeuzia gari mgongo shingo ilimsisimka. Saa za jua la utosi, mtaa ulipokuwa kimya na watu wamejificha vivulini, Cheche alichukua tochi.

"Naingia chini niione ekseli."

"Acha, mdogo wangu. Tumwite mtu kwanza."

"Tumwite nani? Tumwambie gari limechoka likakaa? Watatucheka mpaka tufunge gereji."

Wakaliinua, wakaliegemeza juu ya stendi mbili za chuma, na Cheche akajisukuma chini kwa mgongo, miguu tu ikabaki nje.

Ndipo kiti cha nyuma kikalia, na Bi Spana akaona stendi ya kulia ikipinda, si kwa kishindo bali polepole, kama mshumaa uliowekwa juani, huku gari likishuka na kushuka, naye akirukia mpini wa jeki na kuusukuma kwa uzito wake wote, na mpini usiende hata inchi, na kutoka chini sauti ya mdogo wake ikiita "Dada, dada, dada," kila mara ndogo kuliko ile iliyotangulia, kwa kuwa pumzi haina tena mahali pa kuingia, mpaka akaacha jeki, akapiga kioo cha nyuma kwa viganja vyote viwili na kulia kama mtoto, "Wewe uliyemo humo! Nakuomba kwa aliyekuumba, sogea! Unaniulia ndugu yangu!"

Ndani ya gari kitu kikakohoa, kikohozi kikavu cha vumbi, na uzito ukahama kwenda kushoto. Upande wa kulia ukapanda kidogo. Bi Spana akaikamata ile miguu akavuta, na Cheche akatoka, kifua kimechubuka, midomo imekuwa ya majivu, lakini hai.

Shangazi yao alifika kabla ya alasiri. Kwa watu wenye majini alikuwa akiitwa mbali na karibu, lakini siku ile hakuja na mkoba wala dawa. Aliegemea dirisha la gari akazungumza chini kwa chini, kama anayemliwaza mgeni. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Ni jini wa machimboni," alisema aliporudi. "Gari hilo ndilo nyumba yake. Walipolivuta kulileta mjini alikuwa amelala. Ameamka hajui alipo."

"Mtoe, shangazi," Bi Spana alisema.

"Nimtoe aende wapi, mwanangu? Akitoka hapa ataingia nyumba ya jirani. Anataka kwao tu. Mpeleke."

"Mimi?"

"Mdogo wako hata kupumua hawezi vizuri. Na mimi amenikatalia, anasema dereva peke yake." Shangazi akashusha sauti zaidi. "Ukifika, fungua mlango wa nyuma, kisha urudi ukae kitini. Usigeuke. Akishuka, gari litainuka lenyewe. Hapo ufunge mlango uondoke."

Bi Spana akajikaza. Mkunga angekuja jioni kuchukua gari lake, na kumkabidhi mama yule gari lenye kitu hicho asingeweza. Alikigeuza kioo cha kuangalia nyuma kikatazama dari, akawasha injini.

Lami ilipoisha, makorongo yakaanza. Gari lilipanda mawe na kushuka mitaro bila kugusa tumbo, na hata katika hofu ile fundi ndani yake alijua kwamba kazi imetulia. Pumzi ya moto ilikuwa inamgonga kisogoni. Vidole vilikuwa vimeshika mgongo wa kiti chake. Alivihisi kupitia sponji, virefu, vingi mno. Kwenye bonde la kwanza vilibana. Kwenye la pili, gari liliporuka na kutua, nyuma yake kitu kikacheka.

Hakikuwa kicheko cha ubaya. Ndicho kilichomkausha mate. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekaa ndani ya gari miaka mingi, asijue kuwa huwa linakwenda.

Alifika machimboni jua limelalia upande. Shimo jeupe, mawe yaliyokatwa, nyumba haina paa. Alishuka akafungua mlango wa nyuma huku macho yake yako chini, akarudi kitini, akashika usukani kwa mikono miwili. Springi zikalia. Gari likainuka, likajipandisha mpaka likasimama sawasawa. Kokoto zikasagika, hatua nzito zikielekea shimoni, zikafifia.

Bi Spana alilia kidogo kwa furaha. Akateremka, akazunguka, akaushika mlango wa nyuma aufunge.

Mlango haukuja. Uliruka nyuma kidogo mkononi mwake, kama unaposhikwa na mtu wa upande wa pili.

"Subiri kidogo, dada," sauti ikasema karibu na sikio lake, kavu, ya adabu. "Nimeshawaambia wenzangu gari linavyokwenda."

Kutoka shimoni kokoto zilianza kusagika tena, safari hii kwa miguu mingi, mizito na myepesi, mingine ikikimbia kama ya watoto. Harufu ya mawe yenye mvua ikamfunika. Mbele ya macho yake gari likainama kulia, likainama kushoto, kisha likakaa kitako, springi zote zikilia kwa pamoja.

"Sogeaneni ndani," ile sauti ikawaambia wenzake. "Dereva apate kufunga mlango."