Kutu ya Kidole Gumba

Kutu, jamani! Kutu kwenye kile kipande cha chuma ambacho Babu Eugen hataki hata tukipumulie!

Subirini, nianze vizuri. Huku kwetu Onstmettingen, mji wa mafundi wa vipimo, Jumamosi watu wakishamaliza kufagia mbele ya nyumba, Babu anashuka kwenye karakana yake chini ya nyumba na kufungua vipimo vyake vya zamani, vya tangu enzi zake kiwandani. Kuna maikromita, inayopima hata unene wa unywele. Kuna na vipande vya chuma vinavyong'aa kama kioo, kila kimoja na kipimo chake kamili. Anafuta mafuta ya zamani kwa spiriti, anakausha kwa ngozi laini, anapaka mapya. Sasa macho yake yamechoka, kwa hiyo akawaita mdogo wangu Mirjam na binamu yetu Svenja wamsaidie.

"Atakayevitunza vizuri," akasema, "Krismasi nampa maikromita."

Weee! Mirjam anaitamani hiyo maikromita tangu yuko chekechea!

Lakini kwanza jaribio. Mafundi wa huku hawakuachii kipimo mpaka ubonyeze kidole gumba kwenye chuma kilichosuguliwa, kisha wakiache hadi kesho yake, maana kuna watu jasho lao linakula chuma. Asubuhi chuma cha Svenja kinang'aa. Cha Mirjam? Kidole kizima kimejichora kwa kutu, mpaka mistari yake!

"Mkono wa kutu!" Svenja akacheka. "Wewe hata kijiko usishike!"

"Nyamaza, pua kama skrubu!"

Basi Svenja akapewa vipimo, Mirjam akapewa kufuta masanduku ya mbao. Wivu ukamkaba, nawaambia. Svenja akisifiwa, yeye anabamiza mfuniko. Hata mezani, keki ya tufaha ikigawiwa, anakikodolea macho kipande cha Svenja kama anakipima.

Jumamosi moja, Svenja alipomaliza kupaka mafuta na kupanda juu kunywa chai, Mirjam akabaki. Akachukua kipande kimoja, akakifuta mafuta yote, akakibonyeza kwa kidole gumba pande zote, akakirudisha kwenye safu ya Svenja. Alitaka Babu aseme Svenja ni mzembe.

Wiki iliyofuata Babu akafungua sanduku, akainua kile kipande kwenye mwanga. Alama nyekundu za kidole, kutu tupu.

"Svenja hakupaka mafuta, Babu," Mirjam akawahi kusema.

Svenja akaanza kulia. "Nilipaka! Haki ya Mungu nilipaka!"

Babu akavua miwani. "Svenja hata asipopaka, kidole chake hakileti kutu. Tulikijaribu hapa hapa, wote tukaona."

Jamani! Mirjam alisahau jaribio lenyewe! Masikio yakamwiva kama nyanya.

"Ni mimi, Babu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka umnyang'anye. Kisugue, basi, kutu itoke."

"Nikikisugua kitapungua, na kikipungua si kipimo tena." Babu akakiweka pembeni. "Kimekufa hiki."

Hapo Mirjam akalia kweli. Akamgeukia Svenja, "Nisamehe." Svenja akafuta pua kwa mkono. "Na mimi nilikucheka," akasema.

Babu akafungua droo, akatoa glavu nyeupe za pamba, kuukuu, zimeshonwa shonwa vidoleni.

"Za marehemu bibi yenu. Mkono wake ulikuwa kama wako, Mirjam, na alipima kiwandani hadi anastaafu. Nilizifua juzi nikupe leo." Akamtazama. "Mkono wako hauna kosa, mjukuu wangu. Jasho hulichagui. Lakini kumharibia mwenzako ulichagua mwenyewe, na glavu ya kuzuia hilo sina. Ukimwonea mtu wivu, njoo useme, tutafute dawa. Ukinyamaza nao, wivu huo utakula hata kile unachokipenda, kama kutu."

Mirjam akavaa glavu. Babu akamkabidhi kipande kidogo kuliko vyote, naye akakishika kama yai. Maikromita ikabaki kwenye kisanduku chake, Krismasi bado.

Mambo yakatulia, sivyo? Thubutu! Svenja alikuwa anazikodolea macho zile glavu.

"Babu," akasema, "na mimi glavu zangu ziko wapi?"

Alichojibiwa, na alichofanya Svenja, nitawaambia kesho, maana sasa hivi mama anagonga mlango kwa ufagio: zamu ya kufagia ngazi ni yangu!