Mpokezi Mwenye Adabu

Asubuhi hiyo, kwa wakati mmoja, Mpokezi ilikuwa ikimwamkia bibi wa Newala na kumuuliza kama mikorosho yake imetoa maua, ikimpa pole mzee wa Kasulu aliyefiwa na shemeji, na ikicheka kwa staha utani wa Mnyamwezi mmoja aliyeamua kuifanya mtani wake. Simu zote hizo ziliingia katika ghorofa moja mjini Kwala, na hapakuwa na mtu aliyeinua mkono kuzipokea. Mpokezi ilikuwa akili mnemba yenye sauti, na watu walisema adabu yake inawashinda hata wakwe waliokuja kuposa.

Kituo kiliwahudumia wateja waliokodi visafishadamu, mashine ndogo zinazofanya kazi ya figo nyumbani kwa mgonjwa. Ukutani palikuwa na ramani ya nchi, na kila mteja alikuwa nukta: nyekundu akiwa na shida, kijani akiwa hana. Zamani, simu zilipopokewa na watu, ramani hiyo ilijaa wekundu kama mtoto mwenye surua. Tangu Mpokezi ifundishwe kusalimia vizuri, ilikuwa kijani tupu.

Bi Mwasiti Chande, msimamizi wa kituo, alipaswa kufurahi. Badala yake kichwa kilimzunguka. Chini, kwenye stoo, visafishadamu vilikuwa vikirudishwa kwa wingi usio wa kawaida. Nani anarudisha mashine asiyoilalamikia? Alipomuuliza mkurugenzi, Bwana Lwitiko, akajibiwa kwamba pengine watu wamepona. Bi Mwasiti alijua figo zilizokufa hazifufuki, lakini akiitazama ramani, kisha akiikumbuka stoo, alishindwa ashike lipi. Na mkurugenzi alikuwa akimsubiri atie saini ili Mpokezi ikabidhiwe simu za dharura za hospitali zote, na dawati la mwisho la wapokea simu wa kibinadamu lifungwe.

Alisikiliza rekodi, zikazidi kumchanganya. Mteja anasalimiwa, anasema nzuri, anashukuriwa, anaagwa. Kila simu tamu kuliko iliyotangulia. Alisikiliza mpaka akaanza kujishuku mwenyewe, kwamba labda ni roho mbaya tu, haipendi kuona watu wanaridhika.

Akashuka stoo. Alimkuta mama wa makamo aitwaye Nyamizi, aliyesafiri kutoka Urambo, amepakata kisafishadamu kilichofungwa kwenye khanga. Bi Mwasiti akaketi kando yake.

"Habari za huko, dada?"

"Nzuri."

"Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo, tunamshukuru Mungu."

Moyo wa Bi Mwasiti ukatulia. Kumbe mkurugenzi alisema kweli. Alikuwa ameshaanza kuinuka Nyamizi alipomaliza kufungua fundo la khanga.

"Ila baba tulimzika Ijumaa," akasema. "Nimewaletea mashine yenu."

Bi Mwasiti akakaa tena.

Nyamizi alimweleza bila kupaza sauti. Kichujio kiliziba, akapiga simu. Mpokezi ikamuuliza habari za nyumbani, naye akajibu nzuri, kama alivyolelewa. Kabla hajafika kwenye shida yake, ikamshukuru na kumuaga. Akapiga mara ya pili, ikawa vile vile.

"Mtu anakuaga kwa heshima namna ile, utamrudia tena umsumbue?" aliuliza. "Nikadhani mmeshajua."

Hapo Bi Mwasiti akaelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko kutoelewa. Kampuni ilitaka simu fupi, kwa hiyo Mpokezi ilifundishwa kwamba mteja akisema ni mzima nukta yake iwe kijani, naye asicheleweshwe. Lakini nani, aliyelelewa akaleleka, huanza salamu kwa matatizo yake? Hata mwenye msiba husema nzuri kwanza, shida ikafuata nyuma. Mpokezi ilijifunza kusalimia, haikujifunza kungoja. Bi Mwasiti alimpa Nyamizi pole, akaona neno lenyewe halitoshi, akamshika mkono na kulia pamoja naye.

Juu, Bwana Lwitiko alikuwa ameweka tayari kibao cha saini. Bi Mwasiti alipita bila kukigusa, akasimama mbele ya ramani.

"Katika hawa," aliuliza, "wazima ni wepi?"

Mkurugenzi akatazama ukuta, akamtazama yeye. "Si wote kijani, dada?"

"Ndiyo maana nauliza."

Bi Mwasiti alikwenda kwenye dawati la watu, akavaa kipokea sauti masikioni, akagusa nukta moja upande wa Kilosa. Ikaitikia sauti ya bibi. Bi Mwasiti akamwamkia, akamuuliza habari za nyumbani.

"Nzuri, mwanangu. Hatujambo."

Bi Mwasiti akanyamaza. Bwana Lwitiko akamwashiria akate, maana mteja ameshajibu. Yeye akaendelea kungoja, akiisikia pumzi ya bibi upande wa pili.

"Ila mume wangu amevimba miguu tangu juzi," bibi akasema, "na hii mashine yenu haitoi mlio wowote."